Ching'wekwe, kuku mfupi wa mayai: maswali tunayoulizwa kila siku

Nafuga wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, si mbali na Kibaigwa. Watu wanaopita hapa kwangu wakiwaona hawa kuku wafupi lazima waulize, na wakishaondoka hupiga simu kuuliza tena. Maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa, marefu pale panapohitaji urefu.

Ching'wekwe ni kuku gani hasa?

Ni kuku wa kienyeji mwenye umbo dogo na miguu mifupi. Jogoo aliyekomaa ana kilo 1.6 hivi, tetea kilo 1.2, na yai lake ni gramu 37 kwa wastani. Ukimweka kando ya Kuchi, yule kuku wa kienyeji mrefu, utadhani ni mtoto wake. Vitini vya ufugaji humtaja zaidi Morogoro na Umasaini. Sasa itazame ramani: Kongwa mashariki imepakana na Gairo ya Morogoro, kaskazini na Kiteto ya Umasaini. Tuko katikati ya nyumba zake mbili, ndiyo maana utamkuta Kongwa, utamkuta Mpwapwa, na hakuna aliyemleta kwa mradi.

Rangi isikusumbue. Wapo weusi, wekundu, wa madoadoa, wenye rangi ya kware. Hakuna kitabu kinachosajili ukoo wake. Wanaomfuga wanamtambua kwa umbo, na kwa jinsi anavyotaga.

Jina linatamkwaje, na limetoka wapi?

Tamka ng' ya ng'ombe: chi-ng'we-kwe. Hiyo "chi" ya mwanzo ni ile ya Chigogo na Chikaguru inayokaa mahali ambapo Kiswahili kingeweka "ki". Mjini wanasema tu "vile vikuku vifupi", na ukiwaelekeza hivyo wanakuelewa.

Anataga mayai mangapi kwa mwaka?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mtu na ndilo linalojibiwa kwa uongo mwingi kuliko yote. Muuzaji wa vifaranga atakutajia 200. Usimsikilize.

Kuku wa kienyeji wa kawaida anayejiokotea chakula hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka. Ching'wekwe anasifika kwa kutaga mengi zaidi ya wenzake wa kienyeji, lakini bado ni kuku anayelalia na kulea, na hapo ndipo mwaka wake unapokwisha. Tupige hesabu. Anataga wiki mbili hadi tatu, mayai kama 13. Analalia siku 21. Kisha anazunguka na vifaranga miezi miwili au mitatu, na muda huo wote hatagi. Mzunguko mmoja umekula miezi minne. Mwaka una mizunguko mitatu, zidisha kwa 13, umepata 39.

Sasa mwondolee vifaranga wakifikisha wiki nne, uwalee wewe kwa joto na chakula. Mzunguko unashuka hadi miezi mitatu au pungufu. Ukimzuia kabisa asilalie, anarudi kutaga baada ya wiki mbili tatu tangu aliposusia kiota. Kuku ni yule yule na chakula ni kile kile, ila mayai yameongezeka sana. Kwa hiyo mtu akiniuliza anataga mangapi, na mimi humuuliza: wewe unamwachia alee kwa muda gani?

Mayai yenyewe madogo. Faida iko wapi?

Faida iko kwenye huo huo udogo. Sokoni yai la kienyeji linauzwa kwa idadi, trei ya 30 au moja moja. Hakuna anayelipima. Lakini chakula cha kuku unakinunua kwa kilo, na sehemu kubwa ya chakula hicho inakwenda kuutunza mwili wa kuku kabla hata ya kufikiria yai.

Chukua uzito wa yai, gawa kwa uzito wa kuku. Ching'wekwe: gramu 37 kwa kilo 1.2, ni asilimia 3.1 ya mwili wake. Singamagazi wa Tabora yai lake ni gramu 56, lakini yeye mwenyewe ni kilo 2, hiyo ni asilimia 2.8. Kuchi ana yai la gramu 45 na mwili wa kilo 1.8, asilimia 2.5. Kati ya hawa watatu, huyu mfupi ndiye anayetoa yai kubwa zaidi ukilinganisha na tumbo analolishiwa.

Ukitaka nyama, sikushauri huyu. Wateja wa kuku wa nyama wanataka kuku wa Singida aliyeshiba, na Ching'wekwe ukimpeleka kwenye tenga la kuku wa Singida watakucheka.

Je, lishe yake ni pungufu kwa kuwa yai ni dogo?

Hapana. Gramu kwa gramu ni yai kama mayai mengine. Mayai matatu yake ni karibu sawa na mawili ya kuku wa kisasa.

Nikiweka jogoo mkubwa wa chotara si nitapata vyote viwili, mwili na mayai?

Kila mmoja anafikiria hivyo, hata mimi nilifikiria. Nilileta jogoo mmoja wa Sasso, kuku wenye asili ya Ufaransa, mzuri wa kutazama kweli. Vifaranga wake walikua haraka, jirani zangu wakaanza kuja kuomba mbegu. Kizazi cha kwanza hakikunipa shida. Shida ilianza kwa wajukuu. Wengine walirefuka miguu, wengine wakabaki wafupi, wengine walisahau kulalia: anakaa siku nane, ya tisa anaondoka zake, mayai yameshaharibika. Na wote walikuwa wanasubiri debe la chakula mlangoni badala ya kwenda kuparura. Ilipofika Oktoba, jua la Kongwa likiwa limeiva na pumba imepanda bei, nilikuwa nalisha kuku wanaohema.

Sisemi Sasso au Kuroiler, chotara mwingine, ni kuku wabaya. Wametengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye chakula cha kununua, chanjo zote na banda lenye hewa, na kwa mtu huyo wanalipa. Ila watoto wao hawafanani nao, kwa kuwa wao wenyewe ni mchanganyiko uliopangwa. Ukishamwaga damu hiyo kwenye kundi la Ching'wekwe huwezi kuichuja ukaitoa.

Ardhi hii ina kumbukumbu ya mambo ya namna hiyo. Mwaka 1947 Waingereza waliletea Kongwa matrekta kwa mradi mkubwa wa karanga, wakadhani ukubwa utashinda ukame. Kufika 1951 mradi ulikuwa umeachwa. Wazee huku wakiona kitu kikubwa kinaletwa na gari huwa wanatulia kwanza.

Nitamtambuaje wa kweli, na nimnunue wapi?

Usimnunue kwenye simu. Nilishatumiwa vifaranga 30 na mtu aliyeapa kuwa ni Ching'wekwe halisi, na nikalipa na nauli ya basi juu. Walipofikisha miezi mitatu walikuwa wananiangalia usoni, miguu kama ya korongo. Kifaranga wa siku moja hatofautiki kwa macho, na wauzaji wanalijua hilo.

Nenda kijijini, asubuhi mapema kabla kuku hawajafunguliwa. Omba kuona mama na jogoo. Angalia mguu: goti na unyayo viko karibu, tumbo liko chini, akitembea anaonekana kama anateleza. Muulize mama mwenye nyumba, maana kwa kawaida kuku ni wake hata kama mume ndiye anayeongea, "Huyu akilalia huwa na mayai mangapi?" Atakujibu bila kufikiri, maana anawajua mmoja mmoja. Chukua mitetea michanga ya miezi mitano hadi sita kutoka kwa mama aliyetajwa kwa mayai mengi, na jogoo kutoka nyumba nyingine kabisa. Mitetea 10 kwa jogoo mmoja inatosha kuanzia.

Kuna kosa la sisi wenyewe wafugaji. Sikukuu ikikaribia mchuuzi anafika na tenga lake, anachagua walio bora, nasi tunampa kwa kuwa bei ni nzuri. Tunabaki na wale asiowataka, hao ndio wanaozaa mwaka unaofuata. Mwekee alama ya uzi mguuni tetea anayetaga vizuri, na usimuuze hata kwa bei gani. Fanya hivyo pia kwa mtoto wake wa kiume: jogoo hatagi, lakini anabeba utagaji wa mama yake na kuwapa binti zake. Jogoo huyo mbadilishane na mfugaji mwingine kila mwaka, asije akapanda dada zake na binti zake.

Nimlishe nini, hasa kiangazi?

Mvua zikiwepo, kuanzia Desemba hadi Aprili, anajitafutia kwa sehemu kubwa: wadudu, mbegu za majani, kumbikumbi. Baada ya mavuno kuna mtama na uwele uliomwagika uwanjani. Ukishapita Agosti ndipo unapotakiwa kufungua mfuko.

Mchanganyiko ninaoutumia kwa kama kilo 10: mtama ulioparazwa (uliosagwa chenga) kilo 4, pumba laini za mahindi kilo 2.5, mashudu ya alizeti kilo 2.2, dagaa waliosagwa robo tatu kilo kasoro kidogo, chokaa ya mifugo nusu kilo, na kijiko cha chumvi. Alizeti huku haina uhaba, viwanda vidogo vya kukamua viko kila kona, kwa hiyo mashudu yabebe kazi ya protini kabla ya dagaa. Dagaa ukizidisha yai linanukia samaki, na mteja wa yai la kuchemsha atakurudishia.

Mchwa ni protini ya bure. Weka nyasi kavu na samadi ya ng'ombe ndani ya chungu kibovu, lowesha, kifudikize juu ya njia ya mchwa jioni. Asubuhi unakifunua mbele ya vifaranga. Hiyo kazi wape watoto, wanaipenda.

Mahindi yaliyoota ukungu si ya kuku?

Si ya mtu yeyote, wala kuku. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, waliokula mahindi yenye ukungu. Kuna tabia ya kusema "haya yameharibika, wape kuku". Sumu hiyo inaharibu ini la kuku, utagaji unashuka, vifaranga wanadumaa, na wewe unahangaika kutafuta ugonjwa. Karanga zilizosinyaa nazo ni hivyo hivyo.

Mbona maganda ni laini mwezi wa kumi na wa kumi na moja?

Joto. Kuku hana jasho, anajipoza kwa kuhema. Anapohema sana anatoa kabonidayoksaidi nyingi kwenye damu, na hiyo ni sehemu ya malighafi ya ganda. Ndiyo maana unaweza kumpa chokaa ya kutosha na bado yai likatoka jembamba kama karatasi. Tiba yake ni kivuli na maji. Yai bila ganda ni maji kwa karibu robo tatu, na kuku aliyekosa maji mchana mmoja anaweza kukata kutaga siku kadhaa.

Najua maji huku tunayanunua kwa dumu. Hata hivyo usiwabanie. Mimi naweka chungu cha udongo kilichozikwa nusu chini ya mti, maji yanabaki baridi hadi saa tisa alasiri. Ndoo ya plastiki juani inatoa maji ya moto, na kuku hayanywi. Wape chakula kikavu asubuhi na jioni, si saa sita.

Kama ganda ni laini hata miezi ya baridi, hapo ni chokaa. Maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa yanafaa, mifupa iliyochomwa na kupondwa pia. Weka kwenye kopo la pembeni, tetea mwenye shida atalijua mwenyewe.

Mteja anasema kiini ni cheupe, kwa hiyo si yai la kienyeji. Nimjibuje?

Hili limenigombanisha na watu mjini. Rangi ya kiini inatokana na majani mabichi na mahindi ya njano anayokula kuku. Kuku wa Dodoma kiangazi anakula mtama na uwele, nyasi zimekauka zote, majani mabichi hayapo. Kiini kitapauka, na bado ni kuku aliyetembea kutwa nzima uwanjani. Kwa upande mwingine kuku wa kisasa aliyefungiwa, akiwekewa rangi kwenye chakula, anatoa kiini cha machungwa kabisa.

Ukitaka kumridhisha mteja, mwagilia matuta mawili ya mchicha kwa maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni, au kausha majani ya mlonge kivulini na uyasage kwenye chakula. Baada ya wiki mbili hivi kiini kinageuka.

Ni kweli kuna watu wanageuza mayai ya kisasa kuwa ya kienyeji?

Inawezekana, maana rangi ya kahawia ya yai iko juu juu ya ganda, na siki au ndimu inaing'oa. Yai lililofanyiwa hivyo lina ganda la chaki, limekwaruzika, halina ule utando laini, na linaharibika upesi. Njia nyepesi zaidi ya kudanganya ni kuchagua mayai madogo ya kuku wa kisasa walioanza kutaga juzi. Tazama trei nzima. Mayai ya kienyeji hayalingani: moja refu, moja la mviringo, moja jeupe, moja la rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Trei yenye mayai 30 pacha, uliza maswali.

Nawezaje kupata vifaranga wengi kwa wakati mmoja bila mashine?

Ching'wekwe ni mlalizi mzuri, mwili wake mwepesi hauvunji mayai. Kasoro yake ni udogo wa kifua: usimpe zaidi ya 10 au 11 yake mwenyewe, na yakiwa ya kuku mkubwa saba yanatosha.

Ujanja ni kuwapanga walalie pamoja. Tetea wa kwanza akianza kulalia, mwondolee mayai mazuri, mwachie viza mawili. Wa pili akianza, naye hivyo hivyo. Wakifika watatu au wanne, usiku mmoja unaondoa viza na kuwawekea wote mayai mapya. Baada ya siku 21 wanaangua kwa pamoja, vifaranga wote unawakabidhi mama mmoja au unawalea mwenyewe, na mama waliobaki wanarudi kutaga.

Mayai ya kutotoa yasizidi wiki mbili, na wiki moja ni bora zaidi. Yahifadhi ncha nyembamba ikiwa chini, chumba cha baridi kilicho mbali na jiko. Kama yamesafiri kwa bodaboda kutoka Mpwapwa, yaache yatulie usiku mzima kabla ya kuyaweka. Siku ya saba yapime gizani kwa tochi ya simu: lenye mishipa kama mizizi liko hai, linaloangaza tupu litoe.

Vifaranga wa Juni na Julai wanahitaji uangalizi. Upepo wa Dodoma miezi hiyo unapenya kila ufa, na kifaranga wa wiki moja hawezi kustahimili baridi yake. Jiko la mkaa ndani ya banda lililofungwa ni hatari, huua kwa hewa chafu. Chungu cha majivu ya moto kilichofunikwa, hewa ikipita juu, kinatosha.

Nataka mayai, sitaki alalie. Nifanyeje?

Mweke kwenye tundu lenye sakafu ya waya au fito zilizoachana, uliinue kutoka chini ili hewa imguse tumboni. Mpe chakula na maji kama kawaida. Siku tatu au nne hamu inamtoka. Watu humchovya kuku kwenye ndoo ya maji au kumfunga mguu juani. Kumchovya hakudumu, na kumfunga juani ni kumtesa bure.

Na usiache mayai yajae kiotani. Okota kila jioni, bakiza moja lenye alama ya mkaa. Akiona kiota kimejaa ndipo akili ya kulalia inapoamka.

Mdondo unamuua Ching'wekwe?

Unamuua. Ugumu wa kuku wa kienyeji una mwisho wake, na mwisho huo ni mdondo, wengine wanauita kideri. Kinyesi cha kijani, mabawa kushuka, kuhema, shingo kupinda, na ndani ya wiki banda lisilochanjwa linaweza kubaki tupu kabisa. Huku huwa unafuata upepo wa kiangazi na tenga la mchuuzi, anayetoka nalo kijiji hiki kwenda kile.

Chanjo ipo na ni rahisi: tone moja kwenye jicho, kuku mkubwa au kifaranga, kipimo ni hicho hicho. Ile inayofaa vijijini inatokana na mbegu ya I-2 iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Hapa nchini inazalishwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, kwa jina la TEMEVAC. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingine, lakini usiiweke juani. Ifunge kwenye kitambaa kibichi, na ukishaifungua itumie siku hiyo. Rudia kila miezi mitatu hadi minne. Mchanje kuku mwenye afya tu. Ukianza kuchanja wagonjwa wameshaonekana, chanjo haitawahi, kwa kuwa kinga inahitaji wiki moja hadi mbili kujengeka.

Chanjeni kitongoji kizima siku moja. Ndui nayo ina chanjo yake, inachomwa kwenye bawa. Muulize bwana mifugo wenu.

Shubiri na pilipili hazitibu?

Mdondo ni kirusi, havitibu. Antibayotiki nazo hazitibu mdondo. Kama umewapa antibayotiki kwa ugonjwa mwingine, soma kwenye pakiti ni siku ngapi mayai hayafai kuliwa, na siku hizo usiyauze wala kumpa mtoto.

Kuku anakula mayai yake. Nijaze pilipili ndani ya ganda?

Utaipoteza pilipili yako. Ndege hawasikii ukali wake kama sisi. Punguza mwanga kwenye kiota, weka majani ya kutosha yai lisipasuke, okota mapema, ongeza chokaa. Asiposikia, huyo ni wa sufuria.

Lazima niwe na jogoo ili nipate mayai?

Kwa mayai ya kula, hapana, na yasiyo na mbegu yanakaa muda mrefu zaidi kwenye joto.

Dodoma nani anayanunua mayai madogo?

Wa chipsi mayai hatakutaka, anahitaji yai linalofunika sahani. Usipoteze muda naye. Mteja wako ni yule kijana wa mayai ya kuchemsha anayezunguka jioni na ndoo, chumvi na kachumbari yenye pilipili. Kwake yai moja ni yai moja. Wengine ni familia zenye mzazi aliyejifungua, na watumishi waliohamia mjini tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Hawa hulipia neno "kienyeji", lakini wanataka wayapate kila wiki bila kukosa. Ndiyo maana wafugaji wanne wenye kuku kumi kumi wakikusanya pamoja wanauza vizuri kuliko kila mmoja akiuza peke yake, kwa sababu kuku wote hawatalalia siku moja.

Bei siandiki, itakuwa imebadilika kabla hujamaliza kusoma.

Bibi anasema mtoto akila mayai atakuwa mwizi.

Mpe mtoto yai lililoiva vizuri, na bibi mpe shikamoo. Mimi nadhani wazee waliweka hilo neno ili mayai yabaki kiotani yaanguliwe.

Kuku wangu wanatagia kichakani, nitayapataje?

Ching'wekwe ni bingwa wa kujificha, na kwa ufupi ule anapita chini ya uzio bila wewe kujua. Kuku wengi hutaga asubuhi, kwa hiyo usiwafungue hadi saa nne. Weka ndani viota vyenye giza, vya chini, maana miguu yake haimruhusu kuruka juu. Vichanja pia viwe chini ya kiuno chako. Anayekataa bado, mpapase asubuhi kama ana yai, mfungue peke yake, halafu kaa mbali umfuate kwa macho. Ataparura, atajifanya hana haraka, atazunguka nyumba mara mbili. Ukimwangalia moja kwa moja haendi. Wangu mmoja alinisumbua wiki mbili mpaka nilipomkuta ndani ya pipa la zamani lililolala nyuma ya mbuyu, mayai kumi na moja, ya chini yakiwa yameshaota vumbi.